Usiku ni zamu ya tembo

Kijiji nilichofundisha kwa zaidi ya miaka kumi, wilayani Monduli, hakina mto wala chemchemi. Kina lambo. Tuta refu la udongo limeziba korongo linalopitisha maji wakati wa mvua tu, na nyuma ya tuta hilo kila mwenye kiu hupata lake: maji ya chai ya walimu, maji ya ndama, maji ya kuchanganyia saruji ya choo cha shule, na maji ya pundamilia wanaopanda kutoka upande wa hifadhi ya Tarangire. Wote wanakunywa humo humo, maji ya rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani.

Jina la kijiji nitaliacha, maana baadhi ya mambo nitakayoyaeleza bado yanapandisha sauti kwenye mikutano. Mimi natoka Muheza. Kwetu mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani, unajaza bwawa la Mabayani, na watu wa Tanga mjini wanafungua bomba bila kujiuliza maji yametoka wapi. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakaa kwenye kikao kuanzia asubuhi hadi jua linazama, kujadili nani anywe kabla ya nani.

Kikaoni niliingizwa na wazee. Kamati ya maji ilihitaji katibu, nami najua kuandika, lakini sababu yenyewe aliitoa laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamasai, mbele za watu: "Mwalimu hana ng'ombe. Hana wa kumpendelea." Watu wakacheka, kura ikapita. Nilishika daftari hilo kupitia mabadiliko yote ya majina. Mara kamati, mara jumuiya ya watumia maji, na baada ya sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA (wakala wa maji vijijini), chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Jina lilizidi kurefuka. Daftari lilikuwa lile lile.

Malambo ya nchi hii si ya jana. Kati ya mwaka 1951 na 1955 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuendeleza Umasaini, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchimba visima na kujenga mabwawa. Miaka ya 1970 ukaja mradi wa mifugo na malisho uliofadhiliwa na Marekani, nao ukaongeza. Ukitembea leo kati ya Makuyuni na Lolkisale utaona matuta yaliyoota migunga, na nyuma yake uwanda mkavu wa tope lililopasuka. Hayo ni malambo yaliyokufa. Hayakubomoka. Yalijaa udongo hadi pasiwe na nafasi ya maji.

Mgeni wa kwanza kuja na wazo jipya huwa anauliza swali moja: kwa nini msichimbe kisima kirefu, mkaachana na haya maji machafu? Ni swali la haki, nami niliwahi kuliuliza. Jibu lake liko kwenye meno ya watoto. Chini ya ardhi yetu kuna miamba ya volkano, na maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo hubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kama ingeshikilia kipimo kile, vijiji vingi vya kaskazini vingekosa cha kunywa. Kisima kilichochimbwa kijiji jirani kilitoa maji meupe yanayong'aa kwenye glasi, na wanafunzi waliohamia kwetu kutoka huko walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia. Wapo wazee huko ambao magoti hayanyooki tena. Ukiyachemsha maji hayo, floraidi haiondoki, tena inazidi kukolea kwa kuwa maji yanapungua sufuriani. Na mama akitia magadi kwenye makande ili yaive haraka, ameongeza nyingine. Pale Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo inafanya kazi, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na hapo ndipo vijiji vingi hukwama.

Maji ya lambo ni ya mvua iliyotiririka juu ya ardhi, kwa hiyo kwa kawaida hayana floraidi nyingi. Ubaya wake unaonekana kwa macho: tope, samadi, na wadudu wasioonekana wanaokuja na samadi. Ubaya huo mama anaweza kuupunguza jikoni kwake. Mbegu za mlonge zinatwangwa, zinakorogwa kwenye ndoo, zinaachwa kwa saa moja au mbili, tope linatuama chini. Wengine hutumia shabu ya dukani. Maji ya juu yanamiminwa, yanachemshwa. Nilikuwa nikifundisha jambo hili darasani kama somo la sayansi, hadi siku yeyo mmoja, yaani mama wa Kimasai, aliyekuja kuleta maziwa aliposimama mlangoni akasikiliza, kisha akaniuliza mbona sikuwaambia watoto wachote upande gani. Upande gani? Akanishangaa. Upepo wa kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo povu, majani na samadi inayoelea husukumwa magharibi. Wanawake huchota mashariki. Kitabu cha mwalimu hakikuwa na ukurasa huo.

Basi kuhusu zamu. Sheria ya lambo haikuandikwa popote, hata kwenye daftari langu, lakini mtoto wa miaka saba aliijua. Jua likishachomoza na wanyama wa porini wakishaondoka, wanashuka wanawake na punda, kila punda na madumu yake ya lita 20. Hakuna anayeshuka alfajiri, kwa kuwa alfajiri bado ni ya wenyewe. Kufika saa nne hivi wanakuja ndama, kondoo na mbuzi. Ng'ombe wakubwa ni mchana, boma baada ya boma, na kiangazi kikikaza kila boma hunywesha siku moja na kupumzisha siku moja. Mifugo ya wapita njia hainyimwi maji, ila inanywa mwisho. Jioni jua likiwa bado juu ya mgunga, lambo lazima liwe tupu. Baada ya hapo ni zamu ya usiku, na zamu ya usiku ni ya tembo, na wote wanaokuja nyuma yake.

Nilidhani hilo la mwisho ni namna ya kusema tu. Halikuwa hivyo. Tembo wanaoishi karibu na watu hunywa gizani kwa sababu wanajua mchana una mbwa na mikuki, na watu nao wanajua hivyo, na pande zote mbili zimepanga maisha kwa kufuata saa hiyo. Kijiji kiko njiani. Mvua zikianza, pundamilia na nyumbu wanaacha mto Tarangire na kutawanyika, wengine kwenda tambarare za Simanjiro kuzaa, wengine kuja kaskazini kwetu, na kiangazi wanarudi mtoni. Kwa hiyo kuna miezi tunayokaa nao. Wazee hawana mapenzi ya kitabuni na wanyama hawa. Nyumbu akizaa, ng'ombe huhamishwa mbali na malisho yale, kwa kuwa ndama wa nyumbu hueneza homa inayoua ng'ombe na haina tiba. Simba wakila ng'ombe, mimi ndiye niliyejaza fomu za kifuta jasho kwa kufuata kanuni za mwaka 2011, na nilichojifunza kwenye fomu hizo ni kwamba jasho hukauka lenyewe kabla ya malipo kufika.

Halafu ukaja uzio.

Mradi mmoja, ambao hauhitaji kutajwa, ulikuja na mchoro mzuri, na nasema mzuri bila kejeli. Watu na mifugo wasiingie tena majini. Lambo lizungushiwe waya pande zote, maji yatolewe kwa bomba kupita chini ya tuta, bomba moja liende kituo cha kuchotea cha wanawake, jingine liende kwenye mbauti za kunyweshea mifugo. Samadi ingepungua majini, kingo zisingekanyagwa, kichocho kingepungua kwa watoto. Kila kilichoandikwa kwenye mchoro kilikuwa kweli. Mkutanoni wazee waliuliza swali moja tu: na usiku? Fundi akajibu kwamba wanyama wana mto wao hifadhini, na kwamba kwa vyovyote tembo wanamaliza maji ya wananchi. Likawekwa bango la mradi getini, na chini yake katazo la kuingiza wanyama. Laigwanani alilitazama kwa muda. "Mwalimu," aliniambia tulipokuwa tunarudi, "tembo hajui kusoma kibao."

Wazo kwamba tembo wanamaliza maji lilinikaa kichwani, nikalipeleka darasa la saba kama hesabu. Tembo dume mkubwa anaweza kunywa lita 200 kwa siku. Ng'ombe wetu wa asili, tuseme 30. Halafu jua. Katika nchi kavu kama yetu, jua na upepo huondoa karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka bwawa lililo wazi. Lambo likiwa na upana wa hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, hizo ni mita za ujazo 20,000, lita milioni 20. Gawanya kwa 365: zaidi ya lita 54,000 kila siku. Gawanya kwa 200. Mtoto mmoja akamaliza kabla ya wenzake na akadhani amekosea, akafuta, akarudia, akapata lile lile. Kila siku jua linakunywa kama tembo 270. Sijawahi kuona hata robo ya idadi hiyo pamoja katika kijiji chetu.

Nilipoisoma hesabu hiyo kwenye kikao, mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akafungua macho, akasema, "Basi tulizungushie jua waya."

Waya ulidumu hadi kiangazi. Tembo walipoukuta, waliusukuma upande ambao wamekuwa wakiingilia tangu zamani, nguzo zikalala. Ukarekebishwa, ukalazwa tena. Ile mara ya tatu waliufuata mkondo wa bomba, kwa kuwa tembo ananusa maji hata chini ya ardhi, wakafukua pale lilipounganishwa, wakalivunja. Maji ya usiku mzima yakamwagika korongoni. Asubuhi wanawake walikuta kituo kikavu, wakarudi kuchota kwa ndoo ndani ya uzio uliolala. Mradi ulipendekeza waya mzito zaidi. Fedha zilikuwa zimeisha, nasi tukashukuru.

Kilichofuata hakikuwa na mchoro. Wazee waliuacha wazi upande wa kusini, ule wa njia ya wanyama. Upande wa watu ulizibwa kwa miiba ya mgunga kama boma la ng'ombe, na kipande cha waya kilichosalia kikazungushiwa kituo cha kuchotea, chini ya tuta, mbali na njia ya tembo. Bomba lilirudishwa, likafukiwa chini zaidi na kufunikwa mawe pale lilipokuwa limefukuliwa. Mbauti moja ya mwisho, iliyo kusini kabisa, ikawa haifungwi jioni: mtu wa zamu anaiacha imejaa. Kuhusu mbauti hiyo kulikuwa na ubishi mkubwa, vijana wakisema tunawafuga tembo. Tembo wakaipenda. Hupenda maji yasiyokorogwa na ng'ombe, na wakiyapata juu ya ardhi hawana sababu ya kufukua. Sisemi hawakurudi tena kwenye bomba. Walirudi mwaka wa ukame, nitafika huko. Lakini kwa misimu kadhaa fundi wa kijiji hakuitwa hata mara moja kwa ajili yao.

Ningependa kueleza pia yanayotokea hapo asubuhi, kwa sababu yalinichelewesha kazini mara nyingi kuliko foleni ya maji. Saa tatu hivi wakati wa kiangazi hushuka firigogo, makundi kwa makundi, wakilia angani kabla hujawaona. Dume anaingia majini hadi tumboni, anatikisika, manyoya yananyonya maji, kisha anaruka nayo hadi kwa makinda yaliyo mbali huko nyikani, nayo yanafyonza kutoka tumboni kwake. Kwenye tope la pembeni kuna kwarara na bata bukini, na lambo likikauka kabisa, watoto huchimba na kukuta kambale aliyejizika akingoja mvua. Wamasai wa zamani hawakula samaki. Watoto wa shule yangu waliwala, wakajificha na mifupa.

Lambo, kama nilivyosema, haliuawi na kiu ya mnyama. Linauawa na udongo, na udongo unatoka juu, mahali ambapo hakuna anayetazama kwa sababu kila mtu anatazama maji. Mvua ya kwanza ikipiga ardhi iliyolishwa hadi mizizi, inakuja na ardhi yenyewe. Hapa ndipo mila ilipotusaidia kuliko semina. Wamasai wana desturi ya alalili: eneo la majani linalofungwa ili ndama na wagonjwa wapate malisho kiangazi. Kamati iliomba alalili ya maboma ya juu isogezwe ikae kwenye mdomo wa korongo, pale maji yanapoingilia lambo. Majani yakasimama, maji yakapita katikati yake polepole, tope likaanza kubaki njiani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za maji; niliisoma kwenye kikao, ikasikilizwa kwa heshima. Iliyofuatwa ni alalili, kwa sababu ukiingiza ng'ombe kwenye alalili unatozwa ng'ombe.

Mwaka 2009 sikuwapo, ila kila mtu huhesabu umri kwa mwaka huo. Mvua zilikosekana, na Monduli, Longido na Ngorongoro wapo waliobaki na fimbo tu, hadi serikali ikagawa ng'ombe wa kuanzia upya. Ukame niliouona mwenyewe ni ule wa mwishoni mwa 2021 kuingia 2022. Lambo lilirudi nyuma hadi likawa dimbwi katikati ya tope, na ng'ombe dhaifu wakizama humo walikuwa hawatoki. Zamu zilianza kuvunjika kutoka mwisho. Mifugo ya wapita njia, iliyopaswa kunywa baada ya wenyeji, ilifika jioni na kukuta hapajabaki muda, ikanyweshwa jua likishazama, gizani, na tembo nao wakaanza kuja saa kumi na moja kwa kuwa waliishiwa uvumilivu kama sisi. Zile saa mbili za jioni zilizokuwa tupu, zilizotutenganisha kwa miaka, zikajaa. Mchungaji mmoja kijana alivunjwa mguu. Bomba likafukuliwa wiki hiyo hiyo.

Kikao cha baada ya hapo ndicho kirefu kuliko vyote nilivyoandika. Vijana walitaka askari wa wanyamapori waje wafyatue risasi za kutisha kila jioni. Laigwanani alikubali waitwe, lakini akasema risasi itamfukuza tembo hadi boma la jirani, kwa mke wa mtu mwingine. Alichotaka ni kwamba wapita njia wapandishwe zamu: wanywe saa tano, kabla ya ng'ombe wa wenyeji, ili jioni ibaki tupu. Ombi hilo lilikuwa gumu kuliko la uzio. Unamwambia mtu ambaye ng'ombe wake wanakufa aende wa pili nyuma ya mgeni. Wenye mifugo mingi walikataa kabisa siku ya kwanza. Siku ya pili mwanamke mmoja, ambaye kwa kawaida alikaa nyuma kabisa ya mkutano, aliuliza ni boma la nani lililopeleka mtoto wake kunywesha gizani ili wengine wasipeleke wao. Hakujibiwa. Zamu ikabadilishwa, kwa kiangazi hicho tu, ndivyo nilivyoandika. Haijarudishwa hadi leo.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023, zile zilizoleta maporomoko ya Katesh kule Hanang, kwetu zilileta mtihani wa upande wa pili. Lambo lilijaa kwa usiku mmoja. Tuta la udongo linavumilia kila kitu isipokuwa maji kupita juu yake. Yakipita juu, yanakata, na kwa saa chache hakuna tuta. Ndiyo maana pembeni huachwa njia ya kutorokea maji ya ziada, mafundi huiita utoro, na ndiyo maana mtu mwenye akili hajengi banda wala hapandi mahindi kwenye utoro. Kwetu palikuwa na mahindi. Tuliyang'oa kwa tochi, mwenye shamba akitukana na kung'oa pamoja nasi. Tulikuta pia matundu ya nungunungu upande wa nyuma wa tuta, moja likivuja maji yenye tope, tukaliziba kwa viroba vya udongo wa kichuguu. Tuta lilisimama. Alfajiri tulipokuwa tunaondoka, nyayo za tembo zilikuwa zimeshafika hadi kwenye mbauti ya kusini na kurudi, ingawa usiku huo kulikuwa na maji kila mahali.

Mafuriko yale yaliacha tope zaidi ya misimu mitano ya kawaida. Kulifukua kwa mashine ni gharama ya dizeli ambayo kijiji hakina, kwa hiyo kamati ilipanga kufukua kwa mikono wakati maji yakiwa chini, kila boma likipewa kipande chake, na udongo upelekwe nyuma ya tuta, usirundikwe juu ambako mvua ingeurudisha. Waliambiana pia wachimbe kwenda chini, wasitanue, kwa kuwa jua linakunywa upana na kina linaliachia. Hesabu ya darasa la saba ilisomwa tena siku hiyo, na mtoto aliyeimaliza wa kwanza, ambaye sasa ni morani mwenye simu kubwa kuliko yangu, ndiye aliyeisoma. Barua yangu ya uhamisho ilifika wakati wamefukua upande wa kaskazini. Upande wa kusini ulikuwa bado, maana hakuna boma lililokubali kupewa kipande kilicho kwenye njia ya tembo, na kikao cha jambo hilo kilikuwa kimeahirishwa mara mbili.